Shamba Walimozika Dawa

Mwanangu Mabula,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utakuwa mbali, na utaniamkia kimoyomoyo kabla ya kusoma, kwa hiyo naitikia mapema. Umekwenda Kirumba kuwaaga wenzako. Mimi nimekaa hapa barazani kwetu Kisesa, sanduku lako liko mlangoni limeshafungwa, na jua bado lipo la kutosha kuandikia. Kesho utapanda ndege. Sitakuandikia habari za makoti, wala kula, wala kwenda kanisani. Hayo shangazi yako ameyarudia wiki nzima mpaka nikawaonea huruma wote wawili.

Nimechoka, baba. Tangu ulipopata ule ufadhili wa kwenda Urusi kusomea uhandisi wa nyuklia, nyumba hii imekuwa kama bunge. Mimi napinga, wewe unatetea, shangazi yako anaomba tuheshimiane. Jumapili iliyopita tulifika pabaya. Ulisema, "Mama, naenda kusoma mitambo ya umeme. Siendi vitani." Nikakujibu kwamba Deus naye hakwenda vitani. Ukasukuma sahani na samaki wake hujammaliza, nawe si mtu wa kuacha sato. "Sasa nifanyeje? Nikienda Marekani utasema Wamarekani. Nikienda China utasema Wachina. Nibaki hapa nichome mahindi stendi?"

Nilitoa vyombo, nikavikosha kwa kelele kuliko ilivyohitajika. Swali lako lilikuwa la haki, na mwalimu akishindwa swali la haki hukasirika. Leo nataka kukujibu taratibu, bila wewe kunikatiza.

Nianze na babu yako, baba yangu mzazi, ambaye hukumkuta. Unajua ngoma zetu Wasukuma zina pande mbili. Huchagui, unazaliwa na kukuta upande wako unakungoja. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kimoja na manju wake wa kuongoza nyimbo, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi mpaka mwisho. Hakuna kikombe, watu wenyewe ndio kikombe. Ndiyo maana kila mbinu inatafutwa, mara chatu, mara fisi wa kufungwa kamba, mara mtu anayecheza juu ya mironjo, miguu ile mirefu ya miti. Na nyuma ya mbinu zote kuna dawa.

Babu yako alikuwa manju kijijini kwetu, kule ndani ya Magu. Mwaka mmoja, tulipomaliza kuvuna mtama, alitoa shamba letu liwe uwanja wa mashindano. Ilikuwa heshima kubwa, na baba yangu alikuwa na udhaifu wa heshima. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa kutumwa maji. Siku moja kabla ya ngoma, mganga wa upande wake akaja akazika dawa shambani, ili miguu ya wapinzani iwe mizito. Kisha babu yako akahakikisha wapinzani wamepata habari, maana dawa isiyojulikana haimtishi mtu. Nao wakaja na mganga wao wakazika yao, wakatangaza kwa sauti zaidi kwamba ya kwao inaua.

Siku yenyewe watu walifurika. Walitoka mpaka ng'ambo ya Simiyu, na watoto mgongoni. Vikundi vyote viwili vikafika, vikasimama kila kimoja kwenye ukingo wake wa shamba, vikapiga ngoma na kutukanana kwa nyimbo tamu ajabu. Hakuna aliyetia mguu ndani. "Waanze wao," alisema babu yako. Na upande wa pili manju wao akasema hivyohivyo. Jua likapanda, likashuka. Watu wakawa wanakimbilia huku wakisikia wimbo mzuri, kisha wanakimbilia kule, vumbi tupu. Katika kukimbia huko wakaangusha chungu cha mama mmoja aliyekuwa anauza uji, ukamwagikia miguuni mwake. Hakuwa wa upande wowote siku ile, alikuja kuuza uji. Jioni kila kikundi kikarudi kwao kikiimba kwamba kimeshinda.

Ningependa kukuambia yaliishia hapo. Mvua za kwanza zikanyesha, na ikawa wakati wa kulima. Ng'ombe wapo, jembe lipo, na hakuna mtu wa kuingia shambani. Mama yangu alimwambia babu yako, mimi nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe, "Baba Kabula, kang'oeni hiyo dawa yenu tulime."

"Wao wang'oe kwanza."

"Nao wanasemaje?"

"Wanasema sisi tuanze."

"Basi ng'oeni siku moja, saa moja, wote."

Babu yako akamtazama kama mtu anayemfundisha mtoto. "Na nani atahakikisha kwamba walichong'oa ndicho walichozika?"

Sasa ujue kwamba mama yangu alizaliwa upande ule, akaolewa upande huu. Wale wapinzani walikuwa kaka zake. Msimu mzima alitembea kati ya nyumba hizo mbili akibeba maneno. Anafika kwa kaka zake, wanamwambia ametumwa na mumewe. Anarudi kwa mumewe, anaambiwa amelishwa maneno na kaka zake. Waliwahi kukubaliana siku ya kukutana shambani, wakaja wote, wakabishana nani achimbe kwanza, wakaondoka. Mama yangu alikuwa na uso mmoja mchovu nilioukumbuka mwezi huu nilipojitazama kwenye kioo.

Msimu wa pili shamba lilibaki magugu, na ndilo lilikuwa shamba letu la maana. Kile kipande kingine kilikuwa mawe matupu. Chakula kilipopungua, mimi nikapelekwa Nansio kwa mama mdogo. Watu husema nilikuwa na bahati, maana huko Ukerewe ndiko nilikosoma mpaka nikawa mwalimu. Ni kweli. Lakini nilikua bila mama yangu kwa sababu ya vifurushi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviona. Wale waganga wawili walikufa bila kuonyesha walipovizika. Shamba likakaa hivyo hadi lilipouzwa kwa mgeni asiyejua habari zake, akajenga kituo cha mafuta. Hakuna aliyemwambia, na hakuna kilichompata.

Usinielewe vibaya hapa. Sisemi mabomu ya nyuklia ni kama dawa ya babu yako. Sijawahi kuona dawa ya ngoma ikiua, na mabomu yale yaliunguza miji miwili ya Wajapani, watu na watoto wao, na yaliyopo leo ni makali kuliko yale. Ninachokuambia ni kwamba ule woga naujua. Naujua ulivyo mezani kwa mtu ambaye hakuzika chochote. Wakubwa wanasema silaha hizo zinalinda amani kwa sababu hakuna anayethubutu kuanza, na huenda ni kweli kwao wenyewe. Babu yako na wapinzani wake hawakuwahi kupigana hata ngumi. Shamba ndilo lililokufa.

Kosa langu mimi ni la darasani. Miaka mingi nilifundisha historia, na kila mwaka nilifika kwenye Vita Baridi. Nilikuwa nachora ubaoni Wamarekani kushoto, Warusi kulia, na chini yao naziorodhesha nchi ambako risasi zililia kweli: Kongo, Angola, Msumbiji, Ethiopia. Kisha nachora mstari mnene wa chaki na kusema, hapo ukuta ukabomolewa, mambo yakaisha. Binti mmoja wa dawati la mbele aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, na yale mabomu waliyapeleka wapi?" Nikamwambia ni swali zuri ila haliji kwenye mtihani. Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Yule binti alikaa akaandika mstari wangu mnene kwenye daftari lake kama wenzake.

Basi nimewafundisha watoto wa watu kwamba jambo limekwisha, nao wamekua na kulikuta liko mlangoni. Mikataba ya kupunguza silaha hizo inaachwa kufa mmoja mmoja, kila mkubwa anamsubiri mwenzake atie saini kwanza, na siku hizi Mchina naye yumo uwanjani na ngoma zake. Wote wanatupenda. Huyu anajenga barabara, yule anatoa ufadhili, mwingine anaulizia madini. Marehemu baba yako alikuwa akisikiliza redio za kila upande kwa Kiswahili, akimaliza hii anahamia ile, halafu anazima na kusema, "Leo tumependwa sana, mama Mabula, sijui kesho tutadaiwa nini." Nilikuwa nikimwona mtu wa mzaha. Siku hizi wakitunishiana misuli kule, wavuvi wetu wanaacha mitumbwi ufukweni kwa bei ya mafuta, na mkulima wa Magu anaiangalia mbolea dukani kama anaangalia nguo ya harusi.

Nije kwa Deus, maana nimemzungukia muda mrefu. Ulimjua kama yule kaka wa Kamanga aliyekuja hapa kukopa vitabu. Mimi nilimfundisha, na nilimpenda kwa sababu alikuwa na ubishi. Alipopata chuo kule unakokwenda, mama yake alivuka kwa kivuko akaja hapa kuniuliza jambo moja tu, kama vita viko karibu na mwanaye. Nikamtandikia ramani ya dunia juu ya meza ile ile unayolia chakula. Nikaweka kiganja changu, nikapima. Nikamwambia, "Mama Deus, nchi ile ni kubwa. Vita viko huku, mtoto atakuwa huku. Ni kama wewe uko Kamanga, ugomvi uko Mombasa tena uende mbele." Akashukuru, akaniachia mfuko wa dagaa, akaenda zake amepoa.

Ramani haikukosea. Mimi sikujua kwamba vita vinaweza kumfuata mtu. Mwaka wa kwanza Deus alisoma. Wa pili mambo yake ya ada yakaharibika, akaanza kutafuta vibarua, na huko kwenye vibarua akakutana na watu wenye maneno mazuri na karatasi ya lugha ambayo alikuwa bado anajifunza. Tulichosikia mwisho ni sauti yake kwenye simu ya mama yake: "Mama, nimepata kazi nzuri, nitakuwa sipatikani kidogo." Baadaye rafiki yake mmoja akatuma neno kwamba alionekana amevaa kombati, akielekea mpakani. Baada ya hapo hakuna kitu. Hakuna mwili, hakuna barua, na kila ofisi anayoulizia mama yake anaambiwa aulizie nyingine.

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kumwona. Sikukuambia. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa wake juani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye kivuko, lakini akaniwahi.

"Karibu, mwalimu. Nakuomba usinipe pole. Ukinipa pole umeshamzika."

"Basi nikuambie nini, mama Deus?"

"Usiniambie. Kaa."

Nikakaa juu ya kreti la soda, nikamsaidia kuokota vijiti kwenye dagaa. Majirani wanapita kwa mbali kwa sababu hawajui wamsalimie kwa salamu ya msiba au ya kawaida. Hajaweka matanga, na hajafua shuka la kitanda cha mwanaye. Alipokuwa ananisindikiza akasema, "Mwalimu, hata jina la hiyo vita sijui kulitamka." Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu. Niliporudi hapa ndipo nilipoanza kukupinga kwa ukali, nawe ukadhani naonea wivu safari yako.

Sasa unaelewa kwa nini kiganja changu sikiamini tena. Mimi ndiye niliyekusukuma kwenye fizikia, nikakununulia vitabu, nikakusifia kwa wageni mpaka ukawa unajificha chumbani. Dunia ikakuona kama nilivyotaka ikuone. Siwezi kulia leo kwamba wamekuona.

Huko watakuuliza uko upande gani. Watakuuliza walimu, watakuuliza wenzako mnaoishi bweni moja, atakuuliza msichana utakayempenda. Sikuandikii jibu, maana wewe ni mtu mzima, na mimi mwenyewe nabadilika kila nikisikiliza taarifa ya habari. Naamini aliyeingia kwa jirani yake na silaha amekosa, na hilo silifichi. Naamini pia kwamba wengi wanaopiga kelele juu yake wameshaingia kwa watu na silaha, na hawakuulizwa. Unaweza kuyashika yote mawili. Utachoka, lakini hutadanganyika kirahisi. Soma mitambo yao, ijue kabisa, urudi utuwashie taa. Wapende watu wao, maana huko nako kuna akina mama Deus, upande huu wa mpaka na upande ule, na wao hawakuzika kitu.

Ila siogopi mawazo yako. Naogopa siku ambayo mfuko utakuwa mtupu, ufadhili umesimama kwa sababu wakubwa wamekasirikiana, kibali chako cha kuishi kinakaribia kwisha, baridi kali, na mtu mpole anakaa mbele yako na kukuambia kuna njia rahisi. Naogopa kwa sababu wewe ni mwanangu nakujua. Una aibu. Hujui kusema hapana kwa mtu aliyekufanyia wema. Tangu mdogo ukikaribishwa chakula kwa jirani unakula hata umeshiba. Deus alikuwa hivyohivyo.

Kwa hiyo nimefikiria nikupe kitu cha kusemea. Kwetu hapa, kijana akisema "mama amenikataza", mjadala unaisha. Hata wazee wakorofi wananyamaza, hakuna anayetaka kubeba laana ya mtoto wa mwenzake. Sijui kama huko nako wanaheshimu hivyo, lakini wewe utaheshimu, na hilo linanitosha. Basi soma vizuri. Mimi Kabula, mama yako niliyekuzaa, nakukataza kubeba bunduki ya mtu yeyote. Nakukataza iwe ya Mrusi, iwe ya Mmarekani, iwe ya mtu aliyekupa chakula na kitanda. Nakukataza kwa fedha, nakukataza kwa uraia, nakukataza hata wakikuambia ni kazi ya udereva tu au ya jikoni. Wakikuuliza sababu, sema una mama mkorofi Mwanza, hasikii la mtu, atakulaani. Nitukane ukitaka. Mwoga niwe mimi, mshamba niwe mimi, wewe utoke mlangoni ukiwa na miguu yako.

Na ukishatoka, rudi. Usikae huko ukitafuta kwanza kitu cha kunionyesha. Najua wanaume wa familia hii, hamrudi nyumbani mikono mitupu, bora mpotee. Babu yako alikuwa hivyo, baba yako alikuwa hivyo, na nilikulea hivyo kwa kukusifia kila ulipoleta namba moja na kunyamaza ulipoleta namba nne. Namba nne ilikuwa nzuri, Mabula. Nilipaswa kukuambia siku ile.

Nakusikia getini unacheka na mtu, nadhani umerudi. Nitaificha barua hii ndani ya lile koti zito lililogoma kuingia sandukuni, uikute siku ya kwanza ya baridi. Usiku wa leo sitabishana nawe tena. Nitakupakulia, utakula, na kesho nitakusindikiza uwanjani na kusimama na wazazi wengine kama mtu ambaye alikubali tangu mwanzo.

Mwanangu, ukilazimika kuchagua kati ya kurudi na cheti na kurudi hivihivi, rudi hivihivi. Hata ukirudi na deni, rudi. Hata ukirudi umeaibika, rudi, nitatoka nje kukupokea mchana kweupe majirani wote wakiona. Mimi sina nguvu za kukaa kwenye kreti nikiwaomba watu wasinipe pole.

Mama yako,
Kabula